Mwanangu Darasani Mwangu

Ilinipasa nikatae. Mwalimu mkuu aliponiita akaniambia kwamba darasa la tatu halina mtu na kwamba nilichukue mimi, nilikuwa na neno moja tu la kumjibu, nami nikalisema nusu.

"Mwanangu Rama yumo humo," nilimwambia.

"Ndiyo vizuri," akasema. "Watu wataona kuwa shule hii haina mtoto wa mtu."

Maneno hayo yalinipanda kichwani. Nilikuwa kijana, nimesoma mpaka sekondari kule Mombasa, kisha ualimu, wakati ambapo kwetu huku, baina ya Diani na Msambweni, watu wa namna hiyo walikuwa wa kuhesabika. Nilikuwa na shati jeupe, baiskeli, na bakora ya henzirani niliyokuwa nikiipaka mafuta ya nazi ili isikauke ikavunjika. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kukionyesha kijiji kizima kwamba mimi sijui kupendelea. Nikasema, "Haya, nitalichukua."

Ninyi mnaolea watoto sasa hamkosi kunipitia barazani. "Shikamoo, Mwalimu. Mtoto huyu hasikii, nimfanye nini?" Mnaniuliza kwa kuwa nilifundisha mpaka nywele zikaisha, na mnadhani mtu aliyekaa na watoto wengi hivyo lazima awe na dawa. Dawa sina. Nina makosa, na baadhi yake yamenifunza kitu. Nitayasimulia kama yanavyonijia.

Miaka ile ya hamsini mzazi wa kwetu hakuwa akisumbuka kumwadhibu mtoto mkubwa nyumbani ikiwa mwalimu yuko karibu. Alimleta. Asubuhi ungewaona njiani, mtu na mwanawe, sikio limeshikwa, wanakuja shuleni kama wanaokwenda kusaga mahindi. Mimi nilikuwa ndiyo mashine.

Siku moja alikuja jirani yangu, Mzee Kassim, na mwanawe Suleimani.

"Mwalimu, huyu kanywa tui."

"Tui gani?"

"Tui la mchuzi! Mamake kageuka tu kuchochea kuni, kurudi, bakuli tupu. Tumekula wali mkavu nyumba nzima."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo, nimekaa pale pale."

"Basi kwa nini hukumwadhibu mwenyewe?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini hakuruka juu ya mnazi. "Mimi namwonea huruma, Mwalimu. Nimemleta kwako wewe usiye na huruma."

Wanangu, mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nililichukua neno lile kama sifa, nikamchapa Suleimani mbele ya baba yake, na Mzee Kassim akashukuru akaenda zake shamba. Watoto walikuwa wakiniita Mwalimu Bakora nisipokuwapo, na hilo nalo nilikuwa nikilijua na kulipenda.

Suleimani sasa ana wajukuu. Juzi tulikuwa tukicheka habari ile, nikamwambia, "Lakini tui hukunywa tena." Akasema, "Tui gani?" Alikuwa amesahau kabisa. Anakumbuka bakora, anakumbuka kaptula aliyokuwa amevaa, anakumbuka baba yake amesimama mlangoni na kofia mkononi. Kosa lenyewe halimo. Basi mtu akiniambia kuwa fimbo humkumbusha mtoto, namwuliza: humkumbusha nini?

Huyo ndiye niliyekuwa. Sasa turudi kwa Rama.

Kabla sijamwingiza darasani mwangu, Rama alikuwa mtoto wa kunisubiri njiani. Nikitokea kwenye kona ya minazi na baiskeli, angepiga kelele, "Baba kaja! Baba kaja!" kana kwamba nilikuwa nimetoka Makka. Angepanda mbele kwenye bomba la baiskeli, apige kengele mpaka nyumbani, na kuku wote wakimbie. Mke wangu Mwanasiti alikuwa akisema hahitaji saa, kengele ya Rama inamtosha kujua wakati wa kuepua chungu.

Siku ya kwanza darasani nilimsimamisha mbele ya wenzake. "Hapa hakuna baba na mwana," nilisema. "Mimi ni Mwalimu. Utaniita Mwalimu, na utasimama kama wanavyosimama wengine. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Darasa likacheka. Nikampiga fimbo ya kiganja. "Umesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Niliona kazi imekwenda vizuri. Tangu hapo nilimpima kwa kipimo chake peke yake. Mwingine akikosa hesabu, namwelekeza. Rama akikosa, anachapwa. Mwingine akichelewa, naulizia kama mama yake ni mgonjwa. Rama akichelewa, na alikuwa akitoka nyumba moja nami, anachapwa. Nilikuwa nikijiambia huo ndio uadilifu. Na ni kweli watu walisifu. Msikitini mtu mmoja alinishika mkono akasema, "Mwalimu, wewe humwogopi hata wa kwako." Nilikwenda nyumbani nikitembea kama niliyevaa viatu vipya.

Alikuwapo mtu mmoja ambaye hakusifu. Maalim Shee alikuwa na chuo cha Kurani nyuma ya msikiti, na watoto tuliowafundisha walikuwa wale wale: asubuhi wangu, alasiri wake. Kwangu walikuja wakiburura miguu. Kwake walikwenda mbio. Nilidhani ni kwa sababu ya halua aliyokuwa akiwapa wanaohitimu juzuu. Nikamwendea siku moja kwa kujifanya namsalimia.

"Maalim, hawa wanakutii vipi, nami sijaona fimbo hapa?"

"Fimbo ipo," akasema, akanionyesha ufito umechomekwa kwenye makuti ya paa, umejaa vumbi. "Wewe hupiga ukiwa na nini?"

"Na henzirani."

"Nakuuliza ukiwa na nini moyoni."

Nikacheka nikidhani ananitania. Akasema, "Mimi mtoto akiniudhi, huondoka nikaenda kutia udhu. Naosha mikono, naosha uso, naosha miguu. Nikirudi, mara nyingi kosa limepungua. Likiwa bado kubwa vile vile, ndipo nautazama ule ufito." Akacheka. "Na ukiutazama, wao nao huutazama. Basi huwa imetosha."

Mwajua kijana aliyesoma alivyo. Nilimshukuru, nikaenda zangu nikisema moyoni kuwa mzee huyu hajui mambo ya shule. Sasa nyumbani kwangu mzazi akija amewaka kwa hasira, kitu cha kwanza ninachompa ni birika la maji, awe Mwislamu asiwe. Atanawa uso, na mara nyingi huondoka bila kuniuliza kile alichokuja kuuliza.

Lakini siku nitakayowasimulia sasa sikuwa na birika. Nilitoka darasani kidogo kwenda kugonga kile kipande cha reli tulichokitumia kama kengele. Nikirudi nilisikia kelele kama mnada wa ng'ombe wa Kinango. Nikaingia. Kimya.

"Nani alikuwa akipiga kelele?"

Wote wakatazama madawati.

"Nani?"

Niliwatazama wote, na nilijua siwezi kuwachapa wote, na nilijua nisipomchapa mtu watanichezea. Nikasema, "Rama, njoo mbele."

Alikuja. Nilimchapa kuliko siku zote, si kwa kelele, bali kwa ajili ya wale waliokuwa wakitazama: wajue kwamba kama wa mwalimu haponi, wao watakuwaje. Nilipomaliza, msichana mmoja mdogo aitwaye Mwanaidi, ambaye hata kalamu alikuwa akiomba kwa kunong'ona, akasimama.

"Mwalimu, Rama alikuwa akitunyamazisha."

"Nini?"

"Alikuwa akisema, nyamazeni, Baba atakasirika."

Vijana wangu, hapo ndipo mtu hupewa nafasi yake. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kuiweka bakora juu ya meza nikasema, Rama, nimekukosea. Maneno mawili. Darasa zima lingejifunza kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote nilichowahi kukisoma. Lakini nilikuwa nimefundishwa kuwa mwalimu haombi radhi mbele ya wanafunzi, nami nikaamini. Nikamwambia Mwanaidi, "Kaa chini." Nikamwambia Rama, "Nenda mahali pako." Nikageuka nikaandika hesabu ubaoni.

Jioni tuliketi mkekani kula, mimi, Mwanasiti na Rama, na Mwanamisi aliyekuwa bado wa kunyonya. Ulikuwa wali na mchuzi wa papa. Rama alinyoosha sahani akasema, kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, naomba mchuzi."

Mama yake akacheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkatika.

"Hapa ni nyumbani," nikamwambia. "Hapa mimi ni baba yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilidhani ni mzaha. Nikangoja. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Alikuwa akifanya kila nilichomwambia, na kila mara aliitika kwa jina lile. Njiani hakuwa akinisubiri tena. Nikadhani basi ni kiburi, na kiburi nilijua dawa yake. Nikaichukua ile henzirani, na hapa naomba mnisome polepole maana ni jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kuyafanya: nilimchapa mwanangu ili aniite baba.

"Niite Baba!"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sema Baba!"

"Nimesikia, Mwalimu."

Hakuwa akinidhihaki, naapa. Alikuwa akilia, na alikuwa akijitahidi kunijibu kama mwanafunzi mwema anavyojibu. Nilikuwa nimemfunza mwenyewe kwamba mwenye fimbo huitwa Mwalimu. Kadiri nilivyomchapa ndivyo nilivyozidi kuwa Mwalimu. Mwanasiti aliingia akashika ncha ya bakora, na hakuiachia.

Siku ile ile alimpelekea salamu kaka yake.

Sasa, wasomaji wangu wa mbali huenda wasijue, kwetu sisi Wadigo mjomba si mgeni kwa mpwawe. Zamani mali ya mjomba ilirithiwa na mpwa, na mpwa akiudhika nyumbani kwa baba yake ana pa kwenda, wala baba hana wa kumshitakia. Shemeji yangu Bakari alikuwa mtu wa Tiwi, kazi yake kufua nazi na kukausha mbata, yaani nyama ya nazi ya kuuza. Hakusoma shule, na mimi, nisiwafiche, nilikuwa nikimwona mtu wa chini kidogo. Alikuja kwa miguu, mikono imejaa alama za kifuo, kile kijiti chenye ncha cha kufulia nazi, akakaa barazani akanywa maji kwanza.

"Shemeji," akasema, "nimemjia mpwa wangu."

"Kumfanya nini?"

"Kumpumzisha."

"Anasoma, Bakari. Ndiye wa kwanza darasani."

"Tiwi kuna shule pia. Wala mimi sitakuwa mwalimu wake, maana sijui kusoma. Ndiyo bahati yake." Akatabasamu, alikuwa mtani sana. Kisha akasema bila utani, "Nimeambiwa unataka akuite baba. Mwache akae mbali nawe kidogo, huenda akakumbuka."

Ningeweza kubisha, lakini mila ilikuwa upande wake na mke wangu alikuwa amekwisha kufunga nguo za mtoto. Rama alinijia kuaga. Alinipa mkono. "Kwaheri, Mwalimu." Nikawatazama wakiondoka, na kabla hawajafika kwenye kona Bakari alikuwa amekwisha kumpandisha mabegani, mtoto mkubwa namna ile, na nikasikia wanacheka.

Nilikwenda Tiwi baada ya muda, kwa kisingizio cha kuwasalimia. Bakari alikuwa ameanika mbata uani, naye Rama alikuwa ameachiwa kazi ya kuzifunika mvua ikija. Mvua ilikuwa imekuja, Rama alikuwa akicheza tiabu na wenzake, mbata zikalowa, zikaota ukungu. Nilifika siku ambayo habari hiyo ilikuwa mbichi. Nilijikaza kungoja kilio.

Bakari alitandika gunia chini. "Njoo, mjomba wangu," akamwita, maana huku mjomba na mpwa huitana kwa jina moja. "Zilizooza huku, zilizo nzima huku. Tuanze."

Wakakaa wote wawili kuchambua. Kazi ile hunuka, na ukungu huingia puani. Rama alikuwa akipiga chafya na Bakari akipiga chafya, na katikati ya chafya Bakari akimpigia hadithi ya fisi aliyefungisha ndoa. Jua lilipozidi Rama akasema amechoka. Bakari akasema, "Hata mimi." Wakaendelea. Nilikuwa nimekaa pembeni na shati langu jeupe, na baadaye nikalivua, nikakaa nao. Rama akanisogezea gunia.

"Chukua hizi, Mwalimu. Hizi si mbaya sana."

Tangu siku hiyo, Bakari aliniambia baadaye, wingu likionekana tu kule upande wa Kinango, Rama yuko uani. Nami nilijifunza hapo kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunifunza. Adhabu zangu mimi nilikuwa nikizitoa nikaondoka. Bakari alikaa ndani ya adhabu pamoja na mtoto. Kosa liliachwa liwe mwalimu, na mtu mzima akabaki kuwa upande wa mtoto. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo.

Nilijaribu kwa wadogo zake. Mwanamisi alipokuwa mkubwa kiasi cha kutumwa, alivunja mtungi wa maji kwa kucheza ngoma nao kichwani. Mkono wangu ulitafuta bakora kwa mazoea, nikaenda kunawa uso. Niliporudi, mama yake alikuwa amekwisha kuhukumu: mpaka tupate mtungi mwingine, Mwanamisi atachota kwa sufuria dogo. Kwenda kisimani na kurudi, kwenda na kurudi, nusu ya maji yakimmwagikia. Nikachukua ndoo nikafuatana naye. Njiani alinieleza ngoma yenyewe ilivyo, akanionyesha, na nusu iliyobaki nayo ikamwagika. Tulicheka sana. Mtungi mpya aliubeba kama yai, na nyumba yangu haikuvunjiwa mtungi tena mpaka alipoolewa.

Huyo naye siku moja nilimkaripia kwa kosa lisilo lake, nikagundua. Nikamwita mbele ya ndugu zake nikasema, "Mwanamisi, nimekukosea, nisamehe." Akasema, "Haya, Baba. Nipe muwa." Nikampa muwa. Mbingu hazikuanguka. Heshima yangu niliyokuwa nikiihofia ilikuwapo pale pale, wala haikupungua.

Na shuleni nilianza kuwarudisha wazazi. Mzee Kassim alinijia tena na mtoto mwingine, aliyekojoa kwenye pipa la jirani. "Hapana, Mzee," nikamwambia. "Huyu ana baba." Akakasirika, akasema nimelegea, na kwamba shule imeharibika. Kisha akakaa chini ya dirisha la darasa akiwaza amfanye nini, na mwishowe wakaenda wote wawili, baba na mwana, kuliosha lile pipa. Mwalimu mkuu aliyefuata alipotaka nilichukue darasa la Mwanamisi, nilikataa kabla hajamaliza kusema. Akauliza sababu. Nikamwambia, "Yule ananiita baba."

Basi nikiulizwa kama nimeridhika na maisha yangu, nasema naam, alhamdulillahi. Nina watoto wazima, nina wajukuu wanaonivuta ndevu. Bakora ya henzirani ilimalizikia kushikilia mpapai ulioinama. Bakari alizeeka akiwa rafiki yangu mkubwa, na nilimwomba radhi kwa yale niliyokuwa nikimdhania. Akasema alikuwa akijua siku zote, ila alikuwa akiyapenda mashati yangu.

Rama alikua Tiwi. Alipotaka kuoa, posa ilipelekwa na Bakari, nami nikaarifiwa kwa heshima zote, nikawekewa kiti cha mbele. Ni mtu mwema. Kila akija hapa hunishika mkono, huniletea nazi na asali, hukaa nami mpaka alasiri. Mwaka mmoja mtoto wake alimwaga unga wote ukumbini kwangu, nami nikamwona Rama akichuchumaa chini na mtoto, wanauzoa kwa viganja, wanahesabu nani amezoa zaidi. Niligeuza uso kidogo. Malezi yale hakuyatoa kwangu, lakini yamefika kwa mjukuu wangu, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Siku hiyo, mtoto alipokwenda kucheza, nilimwambia lile nililopaswa kulisema mbele ya darasa. "Rama, ulikuwa ukiwanyamazisha. Nilikukosea, na nilikukosea tena nyumbani. Nisamehe."

Alinitazama kwa upole. Akanishika goti.

"Yamekwisha, Mwalimu," akasema.

Naamini yamekwisha. Hana kinyongo, wala hasemi kwa kunikumbusha. Ni ulimi tu umezoea, na mazoea ya utoto hayang'oki. Lakini mmeniuliza, nami nawajibu wazi. Kwa kukubali kumfundisha mwanangu, na kwa kutaka nisifiwe kuwa simpendelei, nilipata sifa ya miaka michache, ambayo hakuna anayeikumbuka tena. Na mwanangu wa kwanza, tangu jioni ile ya mchuzi wa papa mpaka leo, hajaniita baba.